Ngoma Nzima, Gari Limepasuka

Wahenga wetu walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Nimerudi kutoka Voi na habari ambayo wahenga hawakuitazamia. Huko ngoma imevuma mwaka mzima na hata leo ni nzima. Kilichopasuka ni nyumba iliyotiwa ngoma hiyo. Nyumba yenyewe ni matatu ya abiria 14, na mwenye matatu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyehamia Voi kwa kuoa akabaki huko kwa biashara.

Alinipigia simu baada ya Isha. Tulipokwisha kuulizana hali za nyumbani akanambia, "Mjomba, kioo cha mbele cha gari chataka kunitoka."

Nikamwuliza, "Umegongwa?"

"Sikugongwa, wala sikugonga mtu."

"Basi ni jiwe la lori."

"Wala si jiwe, Mjomba. Fundi asema ni muziki."

Nilicheka, msomaji mpenzi, na kicheko changu kilimchoma, kwa maana alinyamaza kimya. Gari lile alilinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, na hajafika hata nusu ya kuulipa. Dada yangu ndiye aliyemdhamini kwa hati ya kiwanja chake. Mwenye deni la namna hiyo hapendi kuchekwa. Asubuhi yake, baada ya sala ya Alfajiri, nilifunga safari.

Kutoka Mombasa hadi Voi ni kilomita 150 na ushei. Tulipita Mariakani, tukapita Mackinnon Road, pale penye kaburi la Seyyid Baghali, yule mtu wa kazi ya reli ambaye wasafiri wengi husimama kumsomea Fatiha. Basi nililopanda lilikuwa na redio ya kiasi, ya kumfanya dereva asisinzie. Mimi nina mazoea ya kutunga mashairi safarini, nikihesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane, na hadi tunafika Maungu nilikuwa na ubeti mzima kichwani. Nautaja ubeti huo kwa sababu nitauhitaji mbele.

Nilimkuta mpwa wangu gerejini, kando ya barabara kuu, amekaa juu ya gurudumu kuukuu kama mtu anayengoja habari ya mgonjwa. Fundi alikuwa kijana wa Kitaita, mpole, mwenye mikono iliyojaa grisi. Alinisalimu kwa adabu kisha akasema, "Mzee, maneno hayatoshi. Hebu weka kiganja chako hapa." Nikaweka kiganja juu ya kioo cha mbele, upande wa nje. Akaingia ndani, akafunga milango na madirisha yote, akawasha muziki.

Kioo kilinisukuma. Sisemi kilitetemeka, kwa kuwa kutetemeka ni jambo dogo, hata kikombe cha chai hutetemeka lori likipita. Kioo kile kilikuwa kikitoka na kurudi chini ya kiganja changu kama ubavu wa mgonjwa wa pumu. Nikatazama ukingoni nikaona gundi inayokishika imeachana na bodi kwa urefu wa shibiri mbili, na hapo penye mwanya palikuwa na michirizi ya maji ya mvua iliyoshuka mpaka ndani ya dashibodi, mahali palipo na nyaya.

Kisha akanizungusha. Kile kioo kidogo cha kumwonyesha dereva mambo ya nyuma kilikuwa kimebanduka tangu mwezi uliopita. Kilimwangukia abiria mapajani. Mlango wa nyuma, ambao ndani yake mnakaa sanduku la spika, ulikuwa na rangi iliyopasuka mistari mistari karibu na maungio, na katika mistari ile kutu imeanza kula. Skrubu za kibao cha nambari zimetoka zote, kibao kimefungwa kwa waya. Ubao wa dari umelegea na kuning'inia. Taa ya breki upande mmoja haiwaki. Fundi alitoa balbu akaitikisa sikioni mwangu, nikasikia kile kiwaya chembamba cha ndani kikicheza, kimekatika.

"Nimekwisha kubadilisha balbu hii mara ngapi?" akamwuliza mpwa wangu. Mpwa wangu hakujibu.

Vijana waliokuwapo pale walikuwa wakilitaja sanduku lile kwa jina lake la Kizungu, wufa, na mimi kwa masikio yangu ya kizee nikasikia "ufa". Nikadhani wanaungama. Walicheka sana nilipowaambia, lakini fundi hakucheka. Alisema tangu siku hiyo ataliita hivyo hivyo.

Sasa, ndugu msomaji, huenda unasema kama nilivyosema mimi: sauti ni upepo tu, yawezaje kung'oa kioo kilichoshikwa kwa gundi ya kiwandani? Ni kweli kwamba sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Sauti nyembamba, ya zumari au ya mwimbaji wa kike, husukuma hewa mara nyingi mno kwa sekunde lakini kidogo kidogo. Sauti nene ya ngoma husukuma mara chache, tuseme mara 40 kwa sekunde, lakini kila msukumo ni mpana na mzito. Wimbi lake moja ni refu kuliko gari lenyewe, hivyo halipati nafasi ya kutembea humo ndani. Linachofanya ni kulijaza gari zima pumzi na kuinyonya tena, kama mvukuto wa mhunzi.

Nguvu hiyo hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake ina hila. Kila zinapoongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huzidi mara 10, ijapokuwa sikio hudhani imezidi mara mbili tu. Kwa hiyo kijana anapokizungusha kitufe mpaka aone utamu umeongezeka maradufu, mtambo wafanya kazi mara kumi. Spika kubwa ndani ya gari lililofungwa madirisha yaweza kufikia desibeli 130. Hapo kioo chenye ukubwa wa mita moja ya mraba husukumwa kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 6. Zikifika 140 ni kama kilo 20. Zikifika 160, Mungu apishe mbali, ni kilo 200.

Kilo 6 si kitu, utasema. Mtoto hukiegemea kioo kwa zaidi ya hizo. Naam, lakini mtoto hakiegemei na kukiachia mara 40 kwa sekunde. Muziki ukipigwa saa moja bila kukoma, kioo kimesukumwa na kuvutwa mara 144,000. Ondoa nafasi zilizo baina ya ngoma na ngoma, ondoa na mapumziko baina ya wimbo na wimbo, tuseme ibaki nusu. Ni mara 72,000 kwa saa, na gari hilo laenda na kurudi kutwa. Chuma chenyewe hakivunjiki kwa hayo. Kinachochoka ni maungio: gundi, mpira, skrubu, pale palipochomelewa, pale waya ulipokazwa.

Huko Marekani wapo watu walioufanya mchezo huu kuwa mashindano, nani gari lake litapiga kelele zaidi, na yako magari yaliyopita desibeli 170. Lakini wao wanajua wanachokicheza. Vioo hubadilishwa kwa vioo vinene mno, milango hubanwa kwa vyuma isifunguke, na wakati wa kupima hakuna anayekaa ndani. Mwenye gari husimama nje akawasha kwa mbali. Gari la mashindano hubeba betri nyingi na halibebi mtu. La mpwa wangu lina betri moja, na ndani wamo wanawake na watoto wa shule.

Habari ya betri nayo ina mambo. Mtambo wa kukuza sauti wa wati 1,000 ukipiga kwa nguvu zake zote huvuta ampea zaidi ya 70, na jenereta la gari la namna hiyo aghalabu hutoa baina ya 70 na 100 tu. Kutokana na fungu hilohilo lazima ziwake taa, zifute mvua zile fagio za kioo, na betri ijazwe. Ndiyo maana usiku ukiona matatu yaja na taa zake zafifia na kung'ara, zafifia na kung'ara, ujue zinacheza ngoma. Fundi aliyeutia muziki ule (si huyu wa gereji, ni mwingine) aliona fyuzi yaungua kila mara, akaitoa, akaweka waya mnene mahali pake. Fyuzi huwekwa ili iungue yenyewe, gari lipone. Ukiweka waya mahali pa fyuzi umeligeuza gari lenyewe kuwa fyuzi. Fundi alinionyesha mpira wa waya mmoja chini ya zulia, umeyeyuka na kushikana na bodi, shibiri tatu tu kutoka kwenye bomba la mafuta.

Nisije nikaonekana naupaka muziki matope yote. Fundi mwenyewe alikiri kwamba gari lilikuja kutoka Japani likiwa si kigori tena, na kwamba barabara zimekula sehemu yake. Wazee wa njia ya Taveta wanakumbuka ile barabara kutoka Mwatate kabla ya lami kutandazwa miaka ya 2010, ilivyokuwa na vijituta kama mbao za kufulia nguo. Dereva aliyefika Taveta hakwenda kunywa chai kabla ya kutoa spana na kukaza nati zote. Sasa lami imefika, mwendo ni laini kama hariri. Mpwa wangu amechukua zile mbao za kufulia, ambazo serikali imeziondoa barabarani kwa fedha nyingi, akazitia ndani ya gari lake mwenyewe. Na spana hana.

Alasiri, wakati fundi akikausha gundi mpya, nilikaa barazani kwa duka moja na mzee aliyefanya kazi ya reli tangu zama za East African Railways. Voi ni mji wa reli. Njia ilipita hapo kabla ya kufika Tsavo mwaka 1898, kukachipuka na tawi la kwenda Taveta wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walipokuwa wakimwandama Mjerumani, na mwaka 2017 ikaja reli mpya yenye stesheni yake kubwa. Nilimweleza mzee kilichonileta. Akauliza swali moja tu: "Dereva asikia magurudumu?"

Sikumfahamu. Akanieleza kwamba zamani treni ikisimama stesheni, mtu hutembea ubavuni na nyundo ndefu, akigonga kila gurudumu. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, kama chungu kilichovunjika. Hapakuwa na mtambo wa kupima, alikuwa na sikio lake tu, na kwa sikio hilo behewa zima liliweza kukatwa na kuachwa. "Chuma husema," akanambia. "Kikinyamaza kusema, ni wewe uliyeacha kusikia."

Maneno hayo niliyachukua mpaka gerejini, nikamkabili mpwa wangu. "Mwanangu," nikamwambia, "hebu niambie, breki zako wazisikia?"

Hapo ndipo aliponipa habari ambayo katika simu hakunipa, na nadhani hata mkewe hakumpa. Wiki mbili kabla ya kioo kuachia, dereva wake alikuwa akishuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate. Wasioijua njia hiyo wajue kwamba Voi iko kama mita 600 juu ya bahari, na Wundanyi yapita mita 1,300. Baina yao ni mlima na kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili mashamba ya watu yaliyoning'inia chini kabisa. Gari limejaa. Muziki umejaa. Kiti cha mbele amekaa mama mmoja wa makamo na kikapu chake. Wimbo mmoja ukaisha, na kabla ya wa pili kuanza pakapita kimya cha kama sekunde tatu. Katika kimya hicho yule mama alisikia chuma kikisaga chuma.

Akamwambia dereva, "Baba, kuna kitu kinalia." Dereva akasema hakuna kitu, na wimbo wa pili ukaanza. Mama akangoja. Wimbo ule nao ulipokwisha akasikia tena, na mara hii alimshika dereva mkono akamwambia azime hiyo redio, au yeye ashuke papo hapo, mlimani. Dereva akazima. Gari zima likasikia. Wakateremka kwa gia ya kwanza, taratibu, mpaka Mwatate, na gurudumu lilipofunguliwa ikaonekana pedi za breki upande wa mbele zimekwisha kabisa. Ni bati tupu lililokuwa likishika disku, na disku limechimbika mifereji.

Pedi za breki huwa na kibati kidogo kilichowekwa makusudi, ili zikikaribia kwisha kilie kama filimbi na kumwonya dereva. Kibati kile kilikuwa kimelia, pengine kwa wiki nzima, na aliyekuwa na haki ya kukisikia alikuwa akisikia vingine.

Nilimwuliza kwa nini, baada ya siku hiyo, hakuling'oa lile sanduku. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mzee asiyejua dunia. "Mjomba, bila muziki nitabeba mikungu ya ndizi. Wanafunzi wa chuo wakifika stendi hutegesha sikio kwanza. Gari kimya hujaa kwa saa nzima, lenye muziki hujaa kwa dakika kumi. Mkopo haungoji saa nzima." Sikuwa na jibu la haraka. Nasi katika ujana wetu Mombasa tulichagua mkahawa kwa santuri zake, si kwa mahamri yake. Mwanadamu hufuata sauti nzuri, na huo si uhuni. Lakini nilimwambia ahesabu. Kioo, gundi, betri mbili kwa mwaka, disku, balbu, siku tatu za gari kulala gerejini. Bima, kama ajuavyo kila mwenye gari, hulipa ajali, kuchakaa hailipi. Aliandika kwa kidole vumbini, akajumlisha, akafuta kwa kiatu kabla sijaisoma jumla.

Sheria ipo, wala sisemi haipo. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, zilizo chini ya mamlaka ya mazingira ya taifa, zakataza kelele za kupita kiasi, na kuhusu chombo kinachotembea zataka mtetemo wake usizidi nusu sentimita kwa sekunde ukipimwa mita 30 kutoka chombo chenyewe. Ni kanuni njema kwa jirani aliyelala. Aliyeiandika alimfikiria aliye mita 30 mbali. Kioo kiko nusu mita, na masikio ya utingo yako mita mbili. Kanuni nyingine, za mahali pa kazi, za mwaka 2005, zaweka desibeli 90 kwa saa nane kuwa mpaka. Utingo naye yuko kazini. Yule wa mpwa wangu ni kijana wa miaka ishirini na kitu, na kila nilipomsemesha alinisogezea sikio la kushoto.

Gari lilitoka gerejini siku ya tatu. Fyuzi imerudishwa, waya mpya, kioo kimeshikwa. Sanduku limebaki, ila fundi ameliondoa mlangoni akalifunga sakafuni, na ule mtambo wa kukuza sauti amebadilishana na mwingine mdogo zaidi. Mpwa wangu alitoa amri moja kwa dereva mbele yangu: kuanzia Wundanyi mpaka chini Mwatate, muziki uzimwe. Dereva alikunja uso. Mimi nikasema nitapanda nao nione.

Tulipanda mlima muziki ukilia, na nakiri ulikuwa na mdundo wa kupendeza. Kurudi, pale Wundanyi, gari lilijaa vijana. Dereva alisoma dua yake kimoyomoyo, nikaona midomo ikicheza, kisha akazima. Nyuma wakaguna. Mmoja akauliza kama kuna msiba. Kona ya kwanza wakaguna, kona ya pili wakaanza kuzungumza wao kwa wao, kona ya tatu nikasikia kitu ambacho sikukisikia tangu nifike: breki zikishika, laini, kama kitambaa juu ya meza, na gia ikiguna, na tairi juu ya lami. Dereva aliinamisha kichwa kidogo upande wa dirisha, akisikiliza.

Nami nikarudi kwenye ubeti wangu wa Maungu, maana wa kwanza ulikuwa umeniletea wa pili. Mstari wa kwanza ukakaa, nane kwa nane. Wa pili. Wa tatu ukanipa taabu katika kina cha kati, ukakubali karibu na bonde. Wa nne ulikuwa ndiyo kwanza waja, vidole vyangu vimefika mizani ya tano, tulipoingia Mwatate; dereva akanyosha mkono akawasha, vijana wakapiga makofi, na mpaka naandika haya mstari ule haujarudi.